Dhyan Chand: bingwa wa magongo aliyeishi kwa mshahara wa askari

MUTANGA SUD, Bujumbura – Kijana wa mtaa huu anayewaambia wazazi wake kuwa anataka kuishi kwa mchezo huulizwa jambo moja kabla ya mengine yote: atakula nini? Swali hilo si la Burundi peke yake, wala si la leo. Karibu miaka 100 iliyopita lilimkabili kijana wa India aliyecheza mbele katika mpira wa magongo. Kijana huyo alikuja kutajwa na wengi kuwa mshambuliaji bora kuliko wote waliowahi kushika gongo. Alivaa medali tatu za dhahabu za Olimpiki. Hata hivyo, hadi siku anafariki, swali la riziki lilikuwa bado halijapata jibu la kuridhisha.

Jina lake ni Dhyan Chand, na si mgeni kabisa katika ukanda huu. Desemba 1947, akiwa na miaka 42, alishuka melini Mombasa baada ya wenyeji kutoa sharti kwamba timu ya India isije kama yeye hayumo. Kwa mfanyabiashara anayevuka Kobero au Gatumba kila wiki, maisha yake yanaeleweka haraka. Alikuwa na bidhaa ambayo dunia nzima iliitaka, lakini hakuwahi kuwa na duka lake mwenyewe. Nauli, ruhusa na ratiba vilikuwa mikononi mwa wengine.

Mtoto wa kambini

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1905 katika mji wa Allahabad, kaskazini mwa India, ambao sasa unaitwa Prayagraj. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Dhyan Singh. Baba yake, Sameshwar Singh, alikuwa askari katika jeshi la Waingereza nchini India, na yeye pia alicheza magongo. Maisha ya askari ni ya kuhamishwa. Familia ilifuata kikosi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na masomo ya mtoto yakakatika baada ya miaka sita tu ya shule. Mwishowe walitulia Jhansi, ambako baba alipata kiwanja cha kujenga nyumba.

Utotoni hakuna aliyemtabiria makubwa uwanjani. Mchezo alioupenda ulikuwa mieleka. Agosti 1922, alipofikisha miaka 17, alijiunga na jeshi akiwa askari wa kawaida, cheo cha chini kabisa. Kwa kijana mwenye elimu ndogo na baba askari, hiyo ndiyo ajira iliyokuwa karibu.

Jeshini ndiko alikoanza kucheza magongo kwa dhati, chini ya askari mzoefu aliyeitwa Bale Tiwari. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, kila timu huwa na wachezaji 11, na kila mmoja hushika gongo lililopinda mwishoni. Mpira ni mdogo na mgumu. Bao huhesabiwa tu ikiwa mshambuliaji ameugusa mpira akiwa ndani ya mstari wa nusu duara ulio mbele ya lango. Kwa hiyo kupiga kwa nguvu kutoka mbali hakusaidii. Mshambuliaji lazima aingie ndani, kati ya walinzi, mpira ukiwa umeambatana na gongo lake.

Kazi hiyo inahitaji mazoezi mengi, na askari wa cheo cha chini hakuwa na mchana wake mwenyewe. Mchana ulikuwa wa gwaride na zamu. Inasimuliwa kuwa Dhyan Singh alisubiri usiku, mwezi unapopanda, akafanya mazoezi peke yake kwa mwanga wake kwa sababu uwanja haukuwa na taa. Wenzake wakampa jina la Chand, yaani mwezi kwa Kihindi. Jina hilo likabaki hadi leo.

Safari ya kwanza

Mwaka 1926 jeshi liliamua kupeleka timu New Zealand. Kijana huyo alichaguliwa. Timu ilicheza mechi 21, ikashinda 18, ikatoka sare mbili na kupoteza moja tu. Mshambuliaji wa kati aliyeondoka bila kujulikana alirudi akizungumzwa. Zawadi yake ilikuwa kupandishwa cheo kwa ngazi moja, hatua ya kwanza juu ya askari wa kawaida.

Hapo ndipo panapoonekana jinsi maisha yake yalivyopangwa tangu mwanzo. Siku hizo hapakuwa na klabu ya magongo iliyomlipa mchezaji. Sheria za Olimpiki nazo zilimkataza mshiriki kupokea malipo kwa kucheza. Aliyetaka kushiriki Olimpiki ilimpasa awe na kazi nyingine, au awe mtoto wa tajiri. Dhyan Chand hakuwa mtoto wa tajiri. Kwa hiyo jeshi lilikuwa tajiri wake, mlinzi wake na mwenye kauli juu ya siku zake zote.

Mwaka 1928 India ilijiandaa kwenda Olimpiki ya Amsterdam, mara ya kwanza kwa timu yake ya magongo. Ili kupata kikosi, yalifanyika mashindano ya majimbo mjini Calcutta. Dhyan Chand alichezea jimbo lake, United Provinces, ambalo lilitwaa ubingwa, na nafasi yake ikathibitika. Timu ilipopanda meli Bombay, watu waliofika kuiaga walikuwa watatu tu.

Katika mechi tano za Amsterdam, India ilifunga mabao 29 na haikufungwa hata moja. Kati ya hayo, 14 yalikuwa ya Dhyan Chand. Fainali waliwashinda wenyeji, Uholanzi, kwa 3-0. Timu iliporudi Bombay, bandari ilifurika watu. Baada ya sherehe, mfungaji bora wa dunia alirejea kwenye kikosi chake, na baadaye kikosi hicho kikapelekwa Waziristan, eneo la milima na vita mpakani mwa Afghanistan.

Ruhusa na nauli

Olimpiki iliyofuata, ya Los Angeles mwaka 1932, ilikuta dunia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mashindano ya majimbo yaliandaliwa tena ili kuchagua wachezaji. Safari hii jeshi lilikataa kumpa Dhyan Chand ruhusa ya kwenda kucheza. Chama cha magongo cha India kikalazimika kumwingiza kikosini bila majaribio.

Mdogo wake, Roop Singh, naye alichaguliwa, lakini nusura asiende. Sababu haikuwa goti wala ugonjwa. Hakuwa na fedha za kununua nguo zinazofaa safari ya meli na hafla za ugenini. Kaka yake ndiye aliyehakikisha anashonewa suti na kupata mavazi. Ndugu hao wawili wakasafiri pamoja hadi Marekani, safari ya majini ya zaidi ya mwezi mzima.

Kwa sababu ya ugumu wa uchumi, ni timu tatu tu zilizofika kushindana katika magongo. India iliifunga Japani 11-1, kisha wenyeji Marekani 24-1. Katika mechi hiyo ya pili Roop Singh alifunga mabao 10 na Dhyan Chand manane. Medali ya pili ya dhahabu ikapatikana, lakini timu haikurudi nyumbani moja kwa moja. Ilipita ikicheza mechi za kirafiki katika nchi mbalimbali, na mapato ya mechi hizo yakasaidia kulipia gharama za safari. Kwa jumla, safari hiyo ya 1932 ilikuwa na mechi 37. India ilifunga mabao 338, na 133 kati yake yalitoka kwenye gongo la Dhyan Chand.

Mfanyabiashara yeyote ataziona hesabu hizo kwa jicho lake. Watazamaji walitoa kiingilio kwa ajili ya kumwona mtu mmoja. Fedha ikalipia meli, hoteli na madeni. Mtu huyo mwenyewe alikuwa akisubiriwa kambini na mshahara ule ule.

Mwaka 1935 aliongoza timu kama nahodha katika safari ya New Zealand na Australia. India ilicheza mechi 48 na kushinda zote. Dhyan Chand alicheza 43 na kufunga mabao 201. Takwimu za namna hiyo katika miezi michache ni vigumu kuzilinganisha na za mshambuliaji yeyote wa leo.

Berlin bila viatu

Olimpiki ya Berlin ya 1936 ndiyo iliyolifanya jina lake liingie katika masimulizi. Kwa mara nyingine jeshi lilisita kumwachia kwenda kwenye uteuzi, na kwa mara nyingine alichaguliwa bila kuonekana. Sasa alikuwa nahodha. Timu ilifika Ulaya kwa meli, kisha ikapanda treni katika mabehewa ya daraja la tatu.

Tarehe 17 Julai, katika mechi ya mazoezi, Ujerumani iliifunga India 4-1. Kichapo hicho kiliwashtua. Ujumbe ulitumwa nyumbani kuomba mchezaji wa ziada, na askari mwenzao, Ali Dara, akaletwa kwa ndege. Mashindano yalipoanza, India iliifunga Hungary 4-0, Marekani 7-0, Japani 9-0 na Ufaransa 10-0.

Fainali ilipangwa tarehe 14 Agosti, mvua ikaisogeza hadi tarehe 15. Wapinzani walikuwa wale wale Wajerumani, mbele ya umati wao. Kipindi cha kwanza kilikwisha India ikiwa mbele kwa bao moja tu. Uwanja ulikuwa umelowa na viatu vya meno havikuwa vikimsaidia nahodha. Akavivua pamoja na soksi, akaendelea kwa miguu mitupu. Mechi ilikwisha 8-1. Nahodha alifunga matatu.

Kuna masimulizi kwamba Hitler alivutiwa naye akamwahidi cheo kikubwa katika jeshi la Ujerumani, naye akakataa. Masimulizi hayo hurudiwa kila mwaka nchini India, ingawa hayajawahi kuungwa mkono na hati yoyote. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mwaka huo, baada ya medali tatu za dhahabu, Dhyan Chand hakuwa bado afisa katika jeshi lake mwenyewe. Cheo cha luteni alikipata mwaka 1943, wakati vita kuu ya pili ilipolifanya jeshi lihitaji maafisa wengi. Vita hivyo pia viliwanyima wachezaji Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Kwa mshambuliaji aliyekuwa na miaka 35 mwaka 1940, hiyo ilikuwa miaka yake ya mwisho ya nguvu.

Meli ya Mombasa

Agosti 1947 India ilipata uhuru na siku zile zile ikagawanyika, Pakistan ikawa nchi nyingine. Mpaka mpya ulipita katikati ya miji, familia na masoko. Ulipita pia katikati ya timu. Ali Dara, yule aliyeletwa Berlin kwa ndege, mwaka mmoja baadaye alikuwa nahodha wa Pakistan katika Olimpiki ya London.

Katika miezi hiyo hiyo ya msukosuko, chama cha magongo cha India kilipokea mwaliko kutoka Afrika Mashariki. Walioalika walikuwa jumuiya ya michezo ya Waasia wa huku, watu ambao wengi wao walikuwa wenye maduka, mafundi, makarani na watoto wa wale waliojenga reli. Sharti lao lilikuwa moja: Dhyan Chand awemo. Kikosi kilikusanyika Bombay Novemba 1947 na kufika Mombasa katikati ya Desemba.

Safari hiyo ilikuwa ya maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa chini ya Wabelgiji. Ni vizuri pia kukumbuka kuwa michezo katika makoloni ilipangwa kwa rangi. Magongo yalichezwa zaidi katika klabu na shule za Waasia na Wazungu, na Mwafrika alichelewa sana kukabidhiwa gongo.

Mgeni alikuwa na miaka 42, umri ambao wachezaji wengi wameshaacha kucheza. Katika mechi 22 alifunga mabao 61. Waliomwalika hawakupata hasara. Lakini mwenyewe aliona kuwa mwili umeanza kudai. Aliporudi nyumbani mwaka 1948 alianza kujiondoa katika mechi kubwa. Agosti mwaka huo India huru ilishinda dhahabu yake ya kwanza jijini London, kwa kuifunga Uingereza 4-0, bila yeye.

Magongo ya Afrika Mashariki yaliendelea kukua kwa juhudi za klabu na shule za hapa. Kenya ilifika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ikashika nafasi ya sita Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia huko Barcelona, baada ya kushindwa na India katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Katika kikosi cha India mwaka huo alikuwamo Ashok Kumar, mtoto wa Dhyan Chand. Uganda ilicheza Olimpiki ya 1972, na Tanzania ile ya Moscow mwaka 1980.

Miaka ya pensheni

Dhyan Chand alistaafu jeshi mwaka 1956 akiwa na miaka 51, akijulikana kwa cheo cha meja. Mwaka huo serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan, mojawapo ya heshima kubwa kwa raia. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake. Baada ya kustaafu alifundisha magongo, kisha akawa kocha mkuu katika taasisi ya taifa ya michezo huko Patiala. Baadaye alirudi Jhansi, kwenye mji wa baba yake.

Nishani haiingii sokoni. Pensheni ya askari ilikuwa ndogo, na nyumba ilikuwa na watoto wengi, wavulana saba miongoni mwao. Inasimuliwa kuwa siku moja alikwenda kutazama mashindano Ahmedabad akazuiwa mlangoni, kwa kuwa waliokuwa hapo hawakumtambua. Mwaka 1975 alipata furaha ya aina nyingine: Ashok Kumar alifunga bao la ushindi dhidi ya Pakistan katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Kuala Lumpur.

Alipougua saratani ya ini alipelekwa hospitali kuu ya Delhi, akalazwa katika wodi ya kawaida pamoja na wagonjwa wengine. Alifariki tarehe 3 Desemba 1979, akiwa na miaka 74. Mwili wake ulirudishwa Jhansi na kuchomwa, kwa desturi ya Kihindu, katika uwanja wa michezo wa mji huo.

Heshima zilifuata baadaye, na ni nyingi. Uwanja wa magongo wa taifa jijini Delhi una jina lake. Tangu 2012, tarehe 29 Agosti, siku aliyozaliwa, ni siku ya michezo ya taifa nchini India. Mwaka 2021 tuzo kubwa kuliko zote za michezo nchini humo ilibadilishwa jina na kupewa lake.

Bei ya mshambuliaji

Mambo yamebadilika kwa waliomfuata. Ligi ya magongo ya India, iliyoanza mwaka 2013, hununua wachezaji kwa mnada wa wazi; mwanzoni bei ilitajwa kwa dola. Katika mnada wa kwanza, nahodha wa India wa wakati huo, Sardar Singh, alichukuliwa na timu ya Delhi kwa dola 78,000. Kijana anayeingia huko anajua thamani yake kabla ya kufunga bao, na anaisoma kwenye karatasi yenye saini.

Tofauti kati ya Sardar Singh na Dhyan Chand si kipaji. Wote wawili watu walilipa kuwaona. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mkataba, na mwingine alikuwa na ruhusa ya likizo. Vijana wa Burundi wanaovuka mpaka kwenda kujaribu bahati katika klabu za Tanzania, Rwanda, Kenya au Kongo huondoka mara nyingi na begi, viatu na ahadi ya simu. Mfanyabiashara hawezi kupeleka mzigo ng'ambo kwa ahadi ya namna hiyo. Huuliza bei, huuliza nani analipa usafiri, na huuliza itakuwaje mzigo ukiharibika njiani.

Maswali hayo yanamfaa mchezaji pia: mshahara ni kiasi gani, nauli ya kurudi ni ya nani, goti likivunjika nani atalipa hospitali, na baada ya miaka kumi kutabaki nini. Wazazi wa Mutanga Sud wanaouliza mtoto wao atakula nini wako sahihi. Wakishamaliza kumuuliza kijana, wanaweza kumgeukia na kiongozi wa klabu aliyekuja kumchukua, na kumuuliza hivyo hivyo.